Mapinduzi na Kasri: Suala la Kuitwaa Dola katika Riwaya za Adam Shafi

Utangulizi

Lugha ya Kiswahili ina neno moja, mapinduzi, kwa mambo mawili ambayo nadharia ya kijamaa huyatenganisha. Askari wachache wakiingia ikulu alfajiri na kumwondoa rais, hayo ni mapinduzi. Umma wa wavujajasho ukiyageuza mahusiano ya uzalishaji mali hata tabaka lililokuwa likiwanyonya likakoma kuwa tabaka, hayo nayo ni mapinduzi. Kitenzi kupindua hakitoi msaada mkubwa katika kuzipambanua maana hizi. Chombo kilichopinduka baharini ni chombo kile kile. Kilichobadilika ni kwamba chini imekuwa juu na juu imekuwa chini. Mzungumzaji wa kawaida huweza kuishi na utata huo bila ya taabu. Mwandishi wa riwaya anayekusudia kusimulia mapinduzi ya kijamaa hana nafasi hiyo. Hana budi kuonyesha, kwa wahusika na kwa matukio, ni kitu gani hasa kilichopinduliwa: mkaaji wa nyumba au nyumba yenyewe.

Makala haya yanalichunguza suala hilo katika riwaya tatu za Adam Shafi, mwandishi wa Zanzibar: Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), Kuli (1979) na Haini (2003). Upo usomaji wa aina mbili unaowavutia wanafunzi na hata wahakiki wa riwaya hizi. Usomaji wa kwanza huziweka zile mbili za mwanzo katika mkondo wa uhalisia wa kijamaa: tabaka la chini linazinduka, linaungana, na hatimaye linashika hatamu. Usomaji wa pili huanzia mwisho, katika Haini, na kuichukulia riwaya hiyo kuwa ni toba ya mwandishi aliyeonja jela ya serikali aliyoitumainia. Kwa usomaji wa kwanza, kuitwaa dola ndio ushindi wenyewe. Kwa usomaji wa pili, kuitwaa dola ndio kosa lenyewe.

Hoja ya makala haya ni kwamba usomaji huu na ule hupotoka kwa sababu moja. Wote wawili huichukulia dola kuwa ni kitu, mithili ya kiti ambacho mtu ama hukikalia au hukikimbia. Riwaya za Shafi, zinapowekwa pamoja, zinaionyesha dola kuwa ni namna ya watu kuhusiana, na zinafikia uamuzi ulio mgumu zaidi kuukubali: kwamba mapinduzi ya kijamaa hayana budi kuitwaa dola, kwa kuwa dola haitawaacha wanamapinduzi, lakini mapinduzi yanayoitwaa dola kama yalivyoikuta, huku yakiivunja miungano ya umma iliyoyazaa, huwajengea jela wanamapinduzi wenyewe.

Suala lenyewe katika nadharia

Mjadala huu una historia ndefu. Wafanyakazi wa Paris walipoushika mji wao mwaka 1871 na kuutawala kwa zaidi ya miezi miwili, Karl Marx alitoa funzo ambalo liliathiri maandishi yote ya kijamaa yaliyofuata. Alieleza kwamba tabaka la wafanyakazi haliwezi kuichukua mitambo ya dola iliyokwisha kutengenezwa na kuiendesha tu kwa manufaa yake. Komyuni ya Paris ilikuwa imeanza kuunda mitambo mingine: wajumbe waliochaguliwa ambao waliweza kuondolewa na waliowachagua, na watumishi wa umma waliolipwa ujira wa mfanyakazi. V. I. Lenin aliirudia hoja hiyo katika kitabu chake kuhusu dola na mapinduzi, alichokiandika mwaka 1917, wiki chache kabla ya chama chake kuishika serikali ya Urusi. Kilichotokea Urusi baadaye kinajulikana. Mabaraza ya wafanyakazi ambayo kwayo mapinduzi yalitangazwa yalibaki kwa jina, na madaraka yakahamia kwa chama na kwa polisi wake.

Kutokana na historia hiyo ulizuka mkondo unaodai kwamba dola isiguswe kabisa. Uasi wa Wazapatista huko Chiapas, Meksiko, ulioanza Januari 1, 1994, uliupa mkondo huu mfano hai. Wakulima wale wenye asili ya Kihindi hawakudai kuikalia ikulu ya nchi yao bali kujitawala katika vijiji vyao. Mwaka 2002 mwananadharia John Holloway alichapisha kitabu kinachodai kwamba ulimwengu unaweza kugeuzwa bila ya kuyatwaa madaraka ya dola, kwa kuwa anayeyatwaa hulazimika kuyaiga. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, ina pengo moja: haielezi kwa ukamilifu umma ufanye nini pale dola, ambayo haikuguswa, inapoamua kuugusa umma. Ni katika pengo hilo ambapo riwaya ya Kuli inasimama.

Majina matatu

Kabla ya kuingia katika riwaya moja moja, inafaa kuyazingatia majina yake, kwani mna ndani yake muhtasari wa suala zima. Kuli ni jina la kazi. Ni neno lililokuja Afrika Mashariki kutoka upande wa Bara Hindi, nalo lilitumiwa na waajiri kumtaja mtu kwa mgongo wake, yaani kwa mzigo anaoweza kuubeba. Riwaya inalichukua jina hilo la dharau na kulifanya kuwa jina la heshima. Kasri ni jina la jengo, makao ya mwenye enzi. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba riwaya inayohusu ushindi wa wanyonge imepewa jina la nyumba ya aliyeshindwa. Haini, kwa upande wake, ni jina la hati ya mashtaka. Hakuna anayejiita haini. Ni dola pekee iliyo na uwezo wa kumbandika mtu jina hilo na likamganda.

Majina haya yakipangwa kwa mujibu wa wakati wa hadithi zenyewe, yaani mgomo wa 1948, mapinduzi ya 1964, na kamatakamata ya 1972, yanaunda safari: mfanyakazi, kasri, mshtakiwa. Lakini Shafi hakuzichapisha riwaya zake kwa mpangilio huo. Alianza na kasri, kisha akarudi nyuma bandarini, na baada ya zaidi ya miaka ishirini ndipo akaingia gerezani. Mpangilio huu wa uchapishaji una maana yake. Itakumbukwa kwamba mwandishi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliowekwa kizuizini Zanzibar baada ya kuuawa kwa Rais Abeid Amani Karume, Aprili 7, 1972. Riwaya zake mbili za mwanzo zilichapishwa baada ya tajiriba hiyo. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba Kasri ya Mwinyi Fuad na Kuli ni matunda ya ujana usiojua jela. Mwandishi aliyajua ya gerezani. Aliyoyatanguliza kuyasimulia ni sababu zilizowafanya watu wadai mapinduzi.

Kuli: nguvu iliyo nje ya dola

Kuli inamfuata Rashidi, kijana wa mjini Zanzibar anayeingia katika kazi ya bandari. Mwanzoni anayakabili mateso yake kama mtu binafsi, na hatua kwa hatua anajifunza kuyaona kuwa ni mateso ya tabaka zima. Kilele cha riwaya ni mgomo uliojengwa juu ya tukio la kihistoria, mgomo wa Agosti na Septemba 1948, ulioanza kwa wafanyakazi wa bandari na kuenea hadi ukawa mgomo wa jumla mjini.

Kinachopaswa kutiliwa mkazo ni aina ya nguvu inayoonyeshwa hapa. Makuli hawana bunduki, hawana ofisi, hawana bendera. Walicho nacho ni kwamba meli haiwezi kupakua wasipotaka. Nguvu hiyo haikutwaliwa kutoka kwa mtu. Imo katika kazi yao wenyewe, na hudhihirika pale wanapokubaliana. Shafi anaisawiri hatua kwa hatua, katika mazungumzo, katika mashaka, katika kushawishiana. Uongozi wa Rashidi hautokani na cheo. Unatokana na kuaminiwa na wenzake, na imani hiyo inaweza kuondolewa wakati wowote. Kwa maneno mengine, yale yaliyokuwa yakitafutwa na nadharia tangu 1871 yamo katika gati ya Zanzibar kwa umbo dogo: wajumbe wanaowajibika moja kwa moja kwa waliowatuma.

Lau riwaya ingeishia hapo, ingekuwa ushahidi mzuri kwa wanaosema dola isiguswe. Lakini haiishii hapo. Serikali ya kikoloni haikuwa na haja ya kuupinga mgomo kwa hoja. Ilikuwa na polisi, mahakama na gereza, na Rashidi anafungwa. Makuli hawakuwa wameiendea dola. Dola ndiyo iliyowaendea wao. Hili ndilo jibu la Kuli kwa nadharia ya kuiacha dola: kuiacha hakuwi uamuzi wa upande mmoja. Mtu anaweza kuamua kutoingia katika kasri, lakini hawezi kuiamulia kasri isimtume askari.

Jambo hili si la Zanzibar pekee. Alamin Mazrui, katika tamthilia yake ya Kilio cha Haki (1981), anamweka Lanina, mwanamke anayewaongoza wafanyakazi wa shamba la mlowezi, mbele ya dola ile ile yenye polisi na jela. Mwandishi mwenyewe aliwekwa kizuizini nchini Kenya mwaka 1982, chini ya serikali ambayo haikuwa na mlowezi hata mmoja katika kiti chake cha juu. Riwaya ya Vuta N'kuvute (1999), aliyoiandika Shafi baadaye kuhusu miaka ya mwisho ya ukoloni Zanzibar, inaongeza ushahidi huo. Denge na wenzake wanaeneza maandishi kwa siri, na kila hatua wanayoipiga inafuatwa na hatua ya polisi. Jina la riwaya hiyo lenyewe linakanusha uwezekano wa upande mmoja kuuachilia ugwe na ukabaki salama.

Kasri: ushindi na kivuli chake

Ikiwa dola haikwepeki, basi itwaliwe. Hilo ndilo jibu la 1964, na ndilo linaloshangiliwa katika Kasri ya Mwinyi Fuad. Fuad ni mrithi wa shamba na wa jumba, mtu ambaye maisha yake yote yamesimama juu ya kazi za watu ambao yeye hawaoni kuwa ni watu kamili. Sehemu zinazouonyesha unyama huo ni miongoni mwa kurasa zenye nguvu kabisa katika riwaya ya Kiswahili ya miaka ya 1970. Msomaji anayeyakejeli Mapinduzi ya Zanzibar bila ya kuzipitia kurasa hizo anajinyima sababu ya mapinduzi yenyewe. Mapinduzi yanapotokea, ardhi inaondoka mikononi mwa mwinyi na walioilima wanaingia mahali ambapo hawakuruhusiwa kukanyaga ila kwa kutumwa. Fuad hawezi kuuelewa ulimwengu huo mpya, na kutoelewa kwake ni kejeli yenye haki.

Hata hivyo, riwaya ina mipaka miwili ambayo mhakiki hana budi kuitaja. Mpaka wa kwanza ni ukimya wake kuhusu sura ya kinasaba ya matukio ya 1964. Maelfu ya watu waliuawa, wengi wao wakiwa Waarabu, na miongoni mwao walikuwamo wachuuzi na maskini ambao hawakuwa na shamba wala jumba. Riwaya inayotaka kuonyesha tabaka pekee inalazimika kuwageuza wote hao kuwa akina Fuad, au kutowataja kabisa.

Mpaka wa pili unahusu moja kwa moja mada ya makala haya. Riwaya inajua vizuri mno kasri ilikuwa ya nani. Haijui vizuri kiasi hicho imekuwa ya nani. Fuad anabaki kuwa kitovu cha masimulizi hata baada ya kuanguka, na msomaji anayaona mapinduzi zaidi katika macho ya aliyepoteza kuliko katika mikono ya aliyepata. Madaraka mapya yapo, yanatenda, lakini yamesimama nyuma ya pazia kama jambo lisilohitaji kuelezwa. Katika hili riwaya ni aminifu kwa historia kuliko pengine ilivyokusudia. Usiku wa kuamkia Januari 12, 1964, dola ya Zanzibar ilitwaliwa kupitia maghala ya silaha ya polisi ya Ziwani na Mtoni. Sultani Jamshid akakimbia kwa meli. Palikuwa na chuki ya haki na matumaini makubwa katika umma, lakini palikuwa na muda mdogo sana wa kuunda vyombo ambavyo kwavyo umma ungetawala. Mgomo wa 1948 ulijengwa na watu waliojuana kazini. Baraza la Mapinduzi liliundwa na walioshika silaha na viongozi wa vyama.

Kilichofuata kilipunguza zaidi nafasi ya umma. Chama cha Umma, kilichoundwa mwaka 1963 chini ya Abdulrahman Mohamed Babu na kilichokuwa na mizizi miongoni mwa vijana na wafanyakazi, kilijivunja mwezi Machi 1964 na kuingia katika Afro-Shirazi. Vyama vya wafanyakazi navyo vilipoteza uhuru wao na kuwa matawi ya chama tawala. Sheria zikatolewa kwa amri. Ardhi iligawanywa eka tatu tatu kwa maelfu ya wakulima, na hilo lilikuwa tendo kubwa la haki. Lakini aliyepewa eka tatu hakupewa sauti katika kuuamua utaratibu uliompa. Mantiki iliyotolewa wakati ule, si Zanzibar tu, ilikuwa kwamba serikali imekwisha kuwa ya wafanyakazi, kwa hiyo mfanyakazi hana wa kumgomea. Mantiki hiyo inafanya kazi iwapo tu dola ni kiti na aliyekikalia ni mwenzetu. Haifanyi kazi iwapo dola ni uhusiano wa mwenye kuamuru na mwenye kuamriwa.

Haini: chini ya kasri

Haini inaingia katika nyumba hiyo kupitia mlango wa chini. Hamza na wenzake wanakamatwa baada ya kiongozi wa nchi kuuawa, wanafungwa, wanateswa ili wakiri. Ingawa ni kazi ya kubuni, kivuli chake cha kihistoria hakifichiki. Babu na wafuasi wengi wa kile kilichokuwa Chama cha Umma walikamatwa mwaka 1972. Katika kesi ya uhaini iliyofanyika Zanzibar washtakiwa hawakuwa na mawakili wa kuwatetea. Babu, aliyekuwa amezuiliwa Bara, alihukumiwa kifo bila ya yeye kuwapo, na akaachiliwa huru mwaka 1978.

Usomaji unaoiona Haini kuwa ni toba unashindwa kueleza jambo moja la msingi: katika riwaya hii mtesaji hasemi lugha ya Fuad. Anasema lugha ya mapinduzi. Anamwita mfungwa wake adui wa umma, na anaamini, au anataka iaminiwe, kwamba kila pigo ni ulinzi wa wanyonge. Riwaya ya toba ingehitimisha kwamba lugha hiyo ilikuwa ya uongo tangu mwanzo. Haini haifanyi hivyo. Inaichukulia lugha hiyo kwa uzito na kuwapima wasemaji wake kwa kipimo chao wenyewe. Kile kinachowahukumu watesaji mbele ya msomaji ni ile haki iliyodaiwa na Rashidi bandarini.

Hapa ndipo Kuli na Haini zinapohitajiana. Rashidi na Hamza wote wawili wamo gerezani. Wa kwanza amefungwa na dola aliyoipinga. Wa pili amefungwa na dola ambayo kizazi chake kiliisaidia kuzaliwa. Kuta, minyororo na njia za kumvunja mtu zinafanana kupita kiasi. Lakini iko tofauti moja yenye uchungu. Nje ya jela ya Rashidi kulikuwa na makuli, yaani muungano ambao ulijua kwa nini amefungwa na ambao ungeweza kugoma tena. Nje ya jela ya Hamza kuna jamaa wanaosubiri, kuna hofu, na kuna ukimya. Hakuna chama huru kilichobaki cha kuuliza swali. Miungano ambayo ingeuliza ilikwisha kuyeyushwa ndani ya dola kwa jina la umoja, na baadhi ya waliokubali kuiyeyusha walikuwa miongoni mwa wafungwa.

Mfano wa Bara

Ili kuonyesha kwamba tatizo hili halikutokana na tabia ya kiongozi mmoja wa Visiwani, inafaa kulinganisha na Tanzania Bara, ambako dola haikutwaliwa kwa silaha na ambako kiongozi wake, Julius Nyerere, alikuwa mtu wa hulka nyingine kabisa. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliziweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma, yaani, kwa vitendo, mikononi mwa serikali. Mwaka huo huo yalitolewa maelezo ya Ujamaa Vijijini yaliyosisitiza hiari. Wakati ule mkoani Ruvuma kulikuwa na vijiji zaidi ya kumi vilivyokwisha kuunda muungano wao, kikiwamo Litowa, ambavyo vilikuwa vikilima kwa pamoja, vikisomesha watoto na kuamua mambo yao katika mikutano. Ujamaa ulikuwapo pale kabla ya kuamriwa. Septemba 24, 1969, Kamati Kuu ya TANU iliupiga marufuku muungano huo na mali yake ikachukuliwa. Miaka minne baadaye kuishi vijijini kulitangazwa kuwa ni amri, na mamilioni ya watu wakahamishwa katika operesheni za kati ya 1973 na 1976, mara nyingi kwa nguvu.

Euphrase Kezilahabi aliliona hilo mapema. Katika Gamba la Nyoka (1979) wasomi Mambosasa na Mamboleo wanakabidhiwa kazi ya kukileta kijijini kile ambacho wanakijiji hawakuulizwa kama wanakitaka kwa namna hiyo. Jina la riwaya linabeba swali lisilo na jibu rahisi: nyoka anapojivua gamba, ni nini kilichobadilika? Tamthilia yake ya Kaptula la Marx, iliyoandikwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na ambayo haikuchapishwa hadi 1999, inalichekesha zaidi jambo hilo. Rais Kapera amevaa kaptula isiyomtosha na anaiongoza safari ya kuitafuta Nchi ya Usawa. Kezilahabi anamcheka anayelivaa vazi la nadharia bila ya kulikata upya kwa kipimo cha mwili wake. Kuna wakati kicheko hicho kinakaribia kukata tamaa, na hapo ndipo Shafi anapomzidi. Kezilahabi anaona vizuri kwamba kaptula haikai. Shafi anawajua watu ambao wangeweza kuishona: wapo bandarini.

Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza linalotarajiwa ni kwamba Zanzibar ya 1964 haikuwa na mapinduzi ya kijamaa hata kidogo, kwa hiyo haiwezi kutumiwa kama mizani ya suala hili. Pingamizi hili lina faraja ndani yake, kwani humwezesha mjamaa kuyakana mapinduzi yote yaliyoharibika na kubaki na yale tu ambayo bado hayajatokea. Wafanyakazi wa mashambani waliosherehekea kuondoka kwa mwinyi hawakuwa wakingojea cheti cha nadharia. Isitoshe, mfano wa Bara unaonyesha matokeo ya namna moja, yaani kuvunjwa kwa miungano huru kwa jina la umma, katika mazingira ambayo hayakuwa na mauaji wala maghala ya silaha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Litadai kwamba dola changa, iliyozungukwa na maadui wa ndani na wa nje, haina anasa ya kuvumilia vyama huru ambavyo vinaweza kutumiwa na maadui hao. Issa Shivji, katika uchambuzi wake wa 1976 wa mapambano ya kitabaka Tanzania, alikwisha kuonyesha ni nani anayenufaika na hoja ya aina hiyo: tabaka la warasimu ambalo hukua ndani ya dola na kuishika njia ya uchumi kwa niaba ya wasioulizwa. Haini inaongeza jibu la kisanaa. Dola ile ilikuwa imekwisha kuvivunja vyama vyote, na bado kiongozi wake hakusalimika. Kilichokosekana hakikuwa ulinzi. Ilikosekana njia ya watu kusema hapana bila ya kushika bunduki.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba riwaya tatu za Adam Shafi hazimpi msomaji ruhusa ya kuchagua kati ya kuikalia kasri na kuikimbia. Kuli inabatilisha ndoto ya kuiacha dola, kwa kuwa inaonyesha jinsi dola inavyowafuata hata wale waliokuwa wakidai ujira tu. Kasri ya Mwinyi Fuad inatetea haki ya kuitwaa, huku ukimya wake kuhusu madaraka mapya ukitoa onyo ambalo riwaya yenyewe haikulitamka. Haini inaonyesha gharama ya onyo hilo kupuuzwa. Kwa pamoja, zinasema kwamba kipimo cha mapinduzi ya kijamaa ni kama kuli anaweza kugoma kesho yake, dhidi ya serikali inayojiita ya makuli, na asiitwe haini.

Kwa ufundishaji wa fasihi, hoja hii ina matokeo ya moja kwa moja. Kasri ya Mwinyi Fuad ikisomeshwa peke yake humfunza mwanafunzi kushangilia, na Haini ikisomeshwa peke yake humfunza kudharau. Zote mbili zikianzishiwa na Kuli, mwanafunzi hukutana kwanza na watu walioamua mambo yao wenyewe gatini, kabla ya kasri kuwa yao na kabla ya kasri kuwa jela yao. Akishawajua hao, anaposoma riwaya mbili zinazofuata atakuwa na swali la kuuliza katika kila ukurasa: wako wapi?